Kadi ya kikuba: waridi na asumini kwa mhuri wa mpira

Gonga mhuri wa ua kwa wino wa pedi ya ofisini, uache ukauke, kisha pitisha juu yake brashi yenye rangi ya maji. Mistari itachuja papo hapo, na ua ulilotaka liwe la waridi litakuwa zambarau iliyochafuka. Wengi huishia hapo wakidhani hawana mkono wa rangi, na inasikitisha, kwa sababu mkono wao haukukosea kitu. Wino ule umetengenezwa kwa rangi inayoyeyuka kwenye maji. Ukikutana na maji tena, unarudi kuwa majimaji.

Kadi ya mkono inakaa juu ya mafiga matatu: karatasi, wino wa mistari na rangi ya kujazia. Figa moja likiyumba, chungu kinamwagika, hata kama mengine mawili ni ya bei kali. Hapa nitapika kadi moja tangu karatasi hadi bahasha: kadi ya kikuba, yenye waridi moja, asumini nne au tano na majani ya mrehani, kwa mfano wa vikuba vya Lamu, Mombasa na Unguja, yaani vile vishada vidogo vya maua na majani yanayonukia. Inafaa harusi, inafaa Idi, na kwa anayejifunza ni darasa zuri maana ina ua lenye rangi nzito, ua jeupe na majani ya kijani kwa pamoja.

Karatasi

Kwa kadi yenyewe tumia A4 ya GSM (gramu kwa mita ya mraba) 250 hadi 300. Ikiwa chini ya 200, kadi inalala mezani badala ya kusimama. Ikizidi 300, mkunjo unapasuka usipouchora vizuri kwanza. Manila ya kawaida ya shule ni sawa kwa mazoezi na kwa fremu ya rangi nyuma ya picha, lakini usiipake rangi za maji: nyingi hunyonya mno, na nyuzi zake huinuka ukipitisha brashi mara ya pili.

Picha ya maua usiigonge juu ya kadi moja kwa moja. Igonge kwenye kipande cha pembeni, kisha ukibandike. Ukiharibu, umepoteza kipande tu. Kipande cha rangi za maji kiwe cha karatasi ya rangi za maji ya GSM 300, upande ulio laini. Zile zenye chembechembe nyingi zinapendeza kwa mandhari ya bahari, ila mhuri hautui kwenye mabonde yake, na mistari inatoka imekatikakatika. Kwa maka za spiriti, tafuta kadi nyeupe nyororo isiyong'aa ya GSM 250. Karatasi inayong'aa, ile ya kuchapishia picha, iache: wino mwingi haukauki vizuri juu yake na penseli zinateleza.

Sasa kukata. Saizi za A zilipangwa Ujerumani mwaka 1922 ili kila ukikata karatasi katikati ubaki na umbo lile lile, kwa hiyo A4 moja inatoa kadi mbili bila taka. Kata upande wa milimita 297 katikati, utapata A5 mbili za milimita 210 kwa 148. Kila moja ikunje katikati ya upande wa 210, upate kadi ya A6. Karatasi ina nyuzi zinazoelekea upande mmoja, na A4 nyingi nyuzi zake hufuata urefu. Ukikata na kukunja hivi, mkunjo unakwenda sambamba na nyuzi. Ukikunja kinyume chake, mgongo wa kadi unachanika vipande vidogo vyeupe na kadi haifungi, inabaki imefunua mdomo. Kama una shaka, pinda karatasi kidogo bila kuikunja, kwanza huku kisha kule. Upande unaopinda kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi.

Kabla ya kukunja, weka rula ya chuma kwenye milimita 105 na pitisha ncha ya peni iliyokwisha wino mara mbili, kwa nguvu ya wastani. Mfereji unaotokea uwe nje ya kadi, na ule mwinuko wake uwe ndani. Watu wengi hufanya kinyume kwa sababu jicho linadanganya, kisha wanashangaa mgongo umepasuka.

Kipande cha picha kiwe milimita 91 kwa 134, na fremu ya rangi nyuma yake 97 kwa 140. Hapo fremu itaonekana milimita 3 kila upande, na kadi milimita 4. Kama utapaka rangi za maji, kata kipande kikubwa kidogo kwanza, kisha kipunguze baada ya kukauka.

Mihuri

Mihuri ya maua iko ya namna mbili kuu madukani. Kuna ya mpira iliyobandikwa kwenye mbao ikiwa na povu jembamba katikati, na kuna ya plastiki laini angavu, ambayo unaibandika kwenye kibao cha akriliki wakati wa kugonga. Ya plastiki ni rahisi kuipanga kwa sababu unaona inapotua. Ya mpira inatoa mistari mikali zaidi na inavumilia wino wa aina zote. Mpira wake umepikwa na salfa, njia aliyoivumbua Charles Goodyear mwaka 1839; bila hivyo ungelainika na kunata kwenye joto la pwani.

Usipopata maua unayoyataka, fundi mihuri wa mjini, yule yule wa mihuri ya kampuni, anaweza kukutengenezea. Mpelekee mchoro wa kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe, mistari isiwe myembamba kuliko nusu milimita, waridi lenye upana wa sentimita 5 hadi 6. Mwambie wazi kwamba unataka mhuri wa kushika kwa mkono. Usichukue ule wa kubonyeza wenye pedi ndani, kwa sababu umefungwa na wino wa aina moja, na wino huo mara nyingi ndio ule ule unaochuja.

Asumini unaweza kuichonga mwenyewe kwenye raba nyeupe ya kufutia. Chora ua la sentimita 2 kwa penseli laini ya 4B kwenye karatasi ya kuokea, lilaze kifudifudi juu ya raba, sugua kwa mgongo wa kijiko. Mchoro utahamia ukiwa umegeuka, na ukigonga utarudi sawa. Chonga kwa wembe mpya au kisu chembamba, kina cha milimita 2. Hapa ndipo penye siri yote: elekeza wembe nje, mbali na mstari, ili mstari uwe na kitako kipana kama tuta la viazi. Ukichimba kwa kuelekea ndani chini ya mstari, unabaki umesimama juu ya shingo nyembamba. Unayumba ukigongwa, chapa inatoka nene, na baada ya kadi chache unakatika. Gonga jaribio kila baada ya kuchonga kidogo. Kilichotolewa hakirudishwi. Ukimaliza, funga raba kwenye karatasi, usiiweke ikigusana na plastiki, maana raba za plastiki laini hula plastiki nyingine na kugandana nayo.

Mhuri mpya wa plastiki una utelezi wa kiwandani juu yake. Wino unajikusanya matone na chapa inatoka na mabaka. Usugue kidogo kwa raba ya kufutia kabla ya kuutumia mara ya kwanza, kisha ufute.

Wino, penye matatizo mengi

Swali la kujiuliza kabla ya kununua pedi ni moja: nitapaka nini juu ya mistari hii?

Ukijibu rangi za maji, unahitaji wino usiorudi kwenye maji baada ya kukauka. Wino wa VersaFine wa Japani ni wa pigmenti (chembe za rangi zisizoyeyuka) yenye mafuta, unatoa mstari mwembamba mno, na ndio ninaoupenda kwa maua yenye mishipa ya majani. Kasoro yake ni kukauka polepole. Siku za masika pwani, hewa ikiwa imejaa unyevu, usiuguse kabla ya nusu saa, au upashe joto. Wino wa StazOn unakauka haraka kwa sababu ni wa kiyeyushi badala ya maji, ila unaganda hata kwenye vidole vyako, na unahitaji kisafishio chake. Kwa mihuri ya plastiki angavu sipendekezi uutumie kila siku.

Ukijibu maka za spiriti, mambo yanageuka. Wino wa StazOn na wenzake wanaotumia kiyeyushi huamka wakiguswa na spiriti, na weusi unatembea hadi kwenye petali. Hapa tumia wino wa rangi inayoyeyuka kwenye maji, kama Memento: spiriti haiusumbui ukishakauka dakika 5. Lakini pedi hiyo hiyo ukiipakia rangi za maji, itachuja. Kwa hiyo hakuna pedi nyeusi moja ya kila kitu, na anayekuuzia moja kwa madai hayo hajaijaribu.

Ukijibu penseli za rangi kavu, pedi karibu yoyote inakubali, hata ya ofisini, mradi umesubiri ikauke ili mkono usiifute.

Usiniamini mimi wala maandishi ya kwenye boksi; fanya jaribio. Chukua kipande cha karatasi ile ile utakayotumia kwenye kadi, gonga mara tatu, subiri dakika 10. Chapa ya kwanza pitishia brashi yenye maji safi mara nne. Ya pili pitishia maka nyepesi. Ya tatu sugua kwa kidole kikavu. Andika jina la pedi pembeni na ulihifadhi. Karatasi ikibadilika, rudia, kwa sababu wino uliokaa vizuri kwenye karatasi moja unaweza kusambaa kama mizizi kwenye nyingine.

Kugonga

Mhuri mkubwa ulaze uso juu, uuletee pedi, uigusegusie kwa kupapasa mpaka ung'ae sawasawa. Ukiukandamiza mhuri ndani ya pedi, wino unaingia mabondeni na mistari inanenepa. Futa kingo za mpira kwa tishu kama zimeshika wino, maana ndizo zinazoacha vile vialama vya ajabu pembeni ya ua. Kama mpira umebaki mpana nje ya mchoro, ukate kwa mkasi hadi karibu na mstari.

Weka karatasi juu ya meza ngumu. Kwa mihuri ya plastiki isiyo na povu, tandika karatasi tano za kawaida chini yake. Shusha mhuri wima, kandamiza kwa kiganja sekunde 3 hadi 5, tembeza shinikizo kwa vidole katikati na pembeni bila kuutikisa, kisha uinue wima. Ukiutikisa kama unakanda unga, unapata mistari miwili miwili.

Chapa ikitoka na mapengo kwenye karatasi ya rangi za maji, usijaribu kugonga tena kwa kukisia. Tengeneza kona ya herufi L kwa vipande viwili vya kadibodi nene, ibandike mezani kwa selotepu, na karatasi ibandike pia isisogee. Ukisukuma kibao cha mhuri kwenye kona hiyo kila mara, unaweza kugonga mara ya pili juu ya ile ile bila kupotea hata nywele.

Waridi liwe mbele, asumini na majani nyuma yake. Kinachokaa mbele ndicho kinachogongwa kwanza. Gonga waridi kwenye kipande, juu kidogo ya katikati na kushoto. Kisha gonga waridi lile lile kwenye karatasi ndogo ya kunata ya kumbukumbu, upande wa mbele, pale penye gundi kwa nyuma, na ulikate kwa kufuata ndani kabisa ya mstari. Funika nalo waridi la kwanza. Sasa gonga asumini zikiingia nusu juu ya kifuniko, kisha majani. Ukiondoa kifuniko, maua mengine yamejificha nyuma ya waridi. Ukikata kifuniko nje ya mstari, kunabaki mwanya mweupe unaolizunguka waridi lote, na ule mwanya ndio unaoitoa kadi kwenye kikuba na kuifanya picha zilizobandikwa.

Asumini zigeuze, kila moja iangalie upande wake. Acha mbili ziwe matumba, yaani chonga raba ya pili ya tumba lililofungwa. Kikuba chenye maua yaliyochanua yote kwa pamoja hakifanani na kilichochumwa jioni.

Rangi za maji

Bana kipande kwenye ubao kwa selotepu ya karatasi pande zote nne. Brashi mbili za duara, namba 6 na namba 2. Vikombe viwili vya maji, kimoja cha kuoshea na kimoja kibaki safi. Tishu iwe karibu.

Amua mwanga unatoka wapi kabla ya tone la kwanza. Tuseme juu kushoto. Basi kila kilicho juu kushoto kinabaki cheupe au chepesi, na kila kinachoingia chini ya kingine kinakolea. Sheria hii moja inafanya kazi kubwa kuliko rangi ishirini za bei.

Kwa waridi tumia nyekundu ya karmini, ile inayoelemea buluu. Nyekundu inayoelemea machungwa ukiitia kivuli cha buluu inakuwa kahawia. Usitafute waridi kwa kuongeza rangi nyeupe, kwa maana inatoa ukungu wa chokaa. Weupe wako ni karatasi, na wepesi wako ni maji. Andaa vikolezo vitatu: rangi ya ukubwa wa punje ya mchele kwa kijiko kimoja cha chai cha maji, kiasi hicho hicho kwa matone kumi ya maji, na cha tatu kizito, kimeguswa na buluu kidogo tu.

Chukua petali moja. Lowesha kwa maji safi hadi ing'ae bila kuogelea. Gusa kikolezo cha kwanza pale petali inapozama chini ya jirani yake, na uache maji yaivute rangi kuelekea ukingoni. Usiifuate kwa brashi. Rangi itatembea, itapungua, na kabla ya kufika ukingo wa juu itakuwa imekwisha, ikiacha utepe mweupe wa milimita moja au mbili. Utepe ule ndio mdomo wa petali unaoshika mwanga. Ukiona rangi inakimbilia huko, inyonye kwa brashi iliyokamuliwa kwenye tishu.

Kisha ruka petali mbili, upake nyingine iliyo mbali. Petali zinazogusana zisiwe na maji kwa wakati mmoja, la sivyo zinamiminiana na mpaka unapotea. Subiri dakika 5 hadi 10, gusa kwa mgongo wa kidole: ikiwa bado ya baridi, ndani kuna maji. Ikishakauka, kikolezo cha pili kwenye theluthi ya ndani ya kila petali, lainisha ukingo wake kwa brashi yenye maji kidogo. Cha tatu kiende kwenye moyo wa ua na kwenye nyufa tu, kwa brashi namba 2.

Madoa yenye kingo za mapindopindo kama koliflawa hutokea unapotia maji mengi juu ya rangi iliyokauka nusu. Maji mapya yanaisukuma rangi ya zamani hadi pembeni na kuiacha hapo. Ukishaona mng'ao wa maji umeondoka lakini karatasi bado ya baridi, ondoa mkono. Ni wakati mbaya kuliko wote wa kurekebisha.

Asumini ndiyo mtihani. Anayeanza huipaka nyeupe, au huiacha bila kitu, na zote mbili zinatoa ua lisilo na mwili. Changanya buluu ya altramarini na kahawia ya udongo hadi upate kijivu, kisha kiongezee maji mpaka ukikigusa kwenye karatasi taka uone kwa shida. Weka kijivu hicho chini ya kila petali inayofunikwa na nyingine, upande wa kulia chini, kisizidi robo ya petali. Katikati, penye kikonyo, tia tone dogo la kijani-manjano likiwa na maji mengi. Matumba yaachie kijani hafifu kwenye kitako. Basi. Utajisikia kama hujafanya kitu, na hapo ndipo unapotakiwa kuacha, kwa sababu weupe wa asumini utaletwa na majani yaliyo nyuma yake.

Kijani cha mrehani kutoka kwenye tyubu huwa kikali kupita kiasi. Kitie karmini kidogo sana, ile ya waridi. Kinatulia, na maua na majani yanakuwa ya nyumba moja. Majani ya mrehani hukaa mawili mawili yakitazamana kwenye kikonyo, basi usiyatawanye ovyo. Yapake kwa nusu: nusu ya jani upande wa mwanga nyepesi, nusu ya pili nzito, na mshipa wa katikati ubaki mstari mwembamba wa karatasi. Pale jani linapogusa petali ya asumini, kaza kijani kiwe cheusi kuliko kwingine. Tazama kutoka hatua mbili, utaona asumini zimejitokeza mbele zenyewe.

Ikikauka kabisa, ng'oa selotepu polepole ukiivuta kuelekea nje, mbali na picha. Karatasi ikiwa imejikunja, ilaze kati ya karatasi mbili safi chini ya vitabu vizito hadi asubuhi.

Kwa maka au penseli

Maka za spiriti zinatoa rangi laini isiyo na alama za brashi, na ni za haraka kwa mwenye kadi hamsini za mwaliko. Copic za Japani zimepangwa kwa namba: herufi ni jamii ya rangi, tarakimu ya mwisho inapanda kadiri rangi inavyokolea. Kwa waridi RV10, RV13 na RV14 zinapatana; kwa mrehani YG61, YG63 na YG67; kwa kivuli cha asumini C1 peke yake inatosha. Maka za bei nafuu namba zake hazina mpango huo, kwa hiyo jichoree chati kwenye karatasi yako. Anza na nyepesi petali nzima, tia nzito kwenye kivuli ikiwa bado mbichi, kisha rudi na nyepesi kwenye mpaka wao hadi uyeyuke. Simamia milimita moja kabla ya mstari kwa sababu wino utasambaa wenyewe kufika hapo. Tandika karatasi chini, maana inapenya. Na kadi za maka zisitundikwe juani: rangi zake hupauka.

Penseli za rangi zinafaa mwenye subira na bajeti ndogo. Tabaka tatu au nne nyepesi kwa mizunguko midogo, kamwe si moja la kukandamiza. Ukikandamiza mapema, vinyweleo vya karatasi vinazibwa na nta na rangi ya pili haishiki. Ukitaka zilainike, gusa ncha ya pamba ya masikio kwenye spiriti ya kupunguzia rangi isiyo na harufu, ikaushe kwenye tishu, kisha sugua kutoka penye giza kwenda penye mwanga. Mafuta ya mtoto nayo huyeyusha nta, ila yanaacha duara la mafuta lisilotoka.

Salamu, kama "Idi njema" au "Hongera", inapendeza ikiwa imeinuliwa kwa poda ya embosi ya dhahabu. Ifanye kwenye kitepe cha pembeni. Kipanguse kwanza kwa poda ya mwili kwenye kitambaa ili kisishike chembe zisizotakiwa, gonga kwa wino wa pigmenti ungali mbichi, mwagia poda, kung'uta, kisha pasha joto. Draya ya nywele haifai: inapeperusha poda kabla haijafikia joto la kuyeyuka. Tumia bloa ya joto, kama ile ya mafundi, umbali wa sentimita 5 hadi 8, na usogeze mara tu unapoona poda inang'aa. Ukizidisha, inazama kwenye karatasi na kupoteza mwinuko.

Kubandika na bahasha

Gundi nyeupe ya maji inakunja karatasi; ukiitumia, iwe nyuzi nyembamba na kadi ibanwe chini ya kitabu. Selotepu ya pande mbili ni safi zaidi, ifike hadi milimita 2 kutoka ukingoni. Picha kwenye fremu, fremu kwenye kadi, kisha kitepe cha salamu chini kulia juu ya vipande vya povu la kunata.

Bahasha ya kununua kwa kadi ya A6 ni C6, milimita 114 kwa 162. Ya kutengeneza: kata A4 iwe mraba wa milimita 210, ulaze kwa kona kama kishada, chora katikati mstatili wa milimita 152 kwa 108, kunja kona mbili za pembeni kwanza, kisha ya chini juu yake na uibandike. Kona za pembeni zitakaribiana bila kukutana, na ya chini inaziba pengo hilo. Kama kitepe chako kimeinuliwa kwa povu, ongeza milimita 3 kila upande wa mstatili, na laza karatasi nyembamba juu ya uso wa kadi kabla ya kuiingiza, dhahabu isisuguane na bahasha safarini.